Karama Si Mirathi

Bismillahi Rahmani Rahim.

Ndugu zangu wa ukoo, na nyinyi nyote ambao wazee wenu walivuka bahari kwa kaskazi na kusi, mkajikuta leo mmetawanyika Dubai, Maskati, Jeddah, London na Toronto:

Makala hii ina ugomvi ndani yake, nami sitauficha. Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kupata kwangu shajara za nasaba, picha za milango ya Lamu na habari za nani alimuoa nani. Leo nina neno jingine. Nagombana na makundi mawili katika jamaa zetu. La kwanza ni la wale waliozifanya karama za mababu kuwa duka. La pili ni la vijana waliolitazama duka hilo wakachukizwa, kisha wakatoka kwa hasira wakisema hapakuwa na karama wala walii tangu dunia iumbwe. Mzigo mkubwa wa lawama nitalitwika kundi la kwanza, kwa sababu la pili ni mtoto wake.

Sababu ya kuandika sasa ni hii. Tangu mwaka jana, katika vikundi vya WhatsApp vya koo zetu, zimekuwa zikipita kila juma sauti zinazosimulia maajabu ya babu zetu, na kila sauti hufuatiwa na ombi: mchango wa dirham 40,000 wa kujengea kuba na ukuta wa marumaru, chupa za maji yaliyosomewa, azima za kuondoa husuda, kufungua riziki na kuponya maradhi. Wanaosambaza ni watu wenye majina makubwa ya nasaba. Wanaonunua ni watoto wetu.

Tunachokiamini

Tuanze na msingi, asije mtu akasema mzee huyu amegeuka madhehebu.

Karama ni jambo linalovunja ada, analolidhihirisha Mwenyezi Mungu kwa mja wake mwema asiyedai utume. Likidhihiri kwa Mtume, pamoja na kuwataka wanaomkanusha walete mfano wake, huitwa muujiza. Likimfika Mwislamu wa kawaida aliyekuwa katika dhiki, wanavyuoni huliita maunah. Likimtokea fasiki, huitwa istidraji, yaani Mungu humvuta polepole kwenye maangamizi yake huku mwenyewe akidhani amependelewa. Haya tulisomeshwa chuoni tungali wadogo, na mwalimu wetu alikuwa akituuliza: ukimwona mtu anatembea juu ya maji, utajuaje ni lipi katika hayo? Jibu lilikuwa kwamba kwa kuyatazama maji hutajua kamwe. Mtazame mtu, sala yake, ulimi wake, chakula chake na namna anavyowatendea walio chini yake.

Kwamba karama zipo, Qurani yatosha. Bibi Maryamu hakuwa mtume, na Nabii Zakaria kila alipoingia mihrabuni alimkuta na riziki isiyojulikana ilikotoka. Watu wa Pangoni hawakuwa mitume, nao walilazwa miaka 309. Yule aliyekuwa na elimu ya Kitabu, aliyekileta kiti cha enzi cha Malkia wa Saba mbele ya Nabii Sulaiman kabla ya jicho kupepesa, wafasiri wengi wamesema ni mtu miongoni mwa watu wake. Na katika masahaba imepokewa habari ya Sayyidna Umar (R.A.) aliyekatiza hotuba yake juu ya mimbari ya Madina, akampigia kelele Sariya, kamanda wake aliyekuwa vitani nchi ya Uajemi, ajikinge na mlima.

Waliozikana karama kwa jumla yao walikuwa wengi wa Muutazila. Na hapa nawageukia vijana wetu wanaodhani kukana karama ndiyo tauhidi safi. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 728 Hijria, ambaye mnamtaja asubuhi na jioni, ameandika katika Al-Aqida al-Wasitiyya kuwa kusadiki karama za mawalii ni katika misingi ya Ahli Sunna. Akaandika kitabu kizima cha kupambanua baina ya mawalii wa Mwingi wa Rehema na mawalii wa shetani, na mtu hapambanui baina ya vitu viwili ila viwe vyote viwili vipo. Basi mkimfuata, mfuateni kwa ukamilifu. Mkimwacha, msitwambie mnamfuata.

Hilo ndilo tunaloliamini. Sasa tutazame lililofanywa kwa jina lake.

Siku jua lilipopatwa Madina

Katika mwaka wa 10 Hijria alifariki Ibrahim, mtoto mchanga wa Bwana Mtume (S.A.W.). Siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wakasema lile ambalo watu hulisema: jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahim. Hakuna aliyewatuma. Waliyasema kwa mapenzi, na waliyasema mbele ya baba mwenye msiba ambaye machozi yake yalikuwa bado hayajakauka.

Fikirini, ndugu zangu. Jambo lenyewe lilikuwa halisi, kila mtu ameliona kwa macho yake. Aliyehusishwa nalo alikuwa mtoto wa mbora wa viumbe. Lau alinyamaza tu, pasi na kuongeza neno, ingeandikwa kuwa jua lilivaa weusi kwa ajili ya mwana wa Mtume, na nani angeliweza kukanusha? Lakini hakunyamaza. Alisalisha sala ya kupatwa kwa jua, kisha akawabainishia watu kuwa jua na mwezi ni alama katika alama za Mungu, na wala havipatwi kwa kufa mtu wala kwa uhai wake.

Mtume wa Mungu ameikataa karama iliyosingiziwa nyumba yake, siku ya msiba wake, ilhali ingeliweza kumfariji. Je, nani kati yetu ana babu mkubwa kuliko baba yake Ibrahim? Na ikiwa yeye alisahihisha pale pale, sisi tumepata wapi ruhusa ya kunyamaza, sembuse kusambaza?

Magunia yaliyozaa njiani

Mimi nilifika Dubai mwaka 1979, nikafanya ukarani wa shehena zaidi ya miaka 30 huku upande wa Bur Dubai, nyingi yake katika Bandari ya Rashid. Karani wa shehena si mtu wa elimu kubwa, lakini kuna jambo moja analijua. Hati ikitoka Mombasa imeandikwa magunia 200, na mzigo ukafika hapa umeandikwa magunia 230, hafurahi kwamba magunia yamezaa njiani. Hukaa chini akauliza: nani alihesabu, wapi, na kalamu ya nani iliongeza?

Wanavyuoni wetu wa hadithi waliifanya kazi hii karne nyingi kabla ya kuwapo makarani wa bandari. Hawakukubali neno mpaka wamjue aliyelipokea, aliyempokelea, mwaka aliofariki huyu na mji alioishi yule. Ajabu ni kwamba sisi tunaojifakharisha kwa elimu ya wazee wetu, tukifika kwenye habari za wazee hao hao, tunapokea magunia bila hati.

Nitatoa mfano wa nyumbani kwetu, nisije nikaonekana nawasema wengine. Babu yangu mzaa baba alikuwa mwalimu wa chuo Lamu. Mwanafunzi wake mmoja ameacha daftari lililoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na ninalo mbele yangu. Asema kwamba siku moja walikuwa wakirudi Lamu kutoka Manda kwa mashua, upepo ukakatika, maji yakaanza kuwavuta upande wa mlango wa Shela kuelekea bahari kuu. Babu akasoma alichosoma, upepo ukaja, wakafika nyumbani kabla ya magharibi. Anamalizia kwa kusema babu alimlipa nahodha nauli yake na kumwongeza juu yake kwa sababu ya hofu aliyoipata.

Katika miaka ya 1970, Mombasa, shangazi zangu walikuwa wakiisimulia kwamba mashua ilikuwa imetoboka na ikafika bila kuingia maji. Sauti inayopita sasa kwenye simu yasema babu aliwaacha wenzake mashuani, akateremka, akatembea juu ya mkondo mpaka Shela, wala viatu vyake havikulowa. Nahodha hayumo tena. Wala nauli yake haimo.

Mimi nasadiki kwamba Mungu aliipokea dua ya babu yangu. Daftari limeandikwa na mtu aliyekuwamo mashuani, na katika habari yake hamna kitu cha kumtukuza msemaji. Lakini tazameni kilichoongezwa na kilichopunguzwa. Kimeongezwa kitendo ambacho hata kingekuwa kweli hakitufunzi lolote, maana hakuna kati yetu atakayetumwa kutembea baharini. Kimepunguzwa kile ambacho kila mmoja wetu angeliweza kukifuata leo hii: kumlipa mfanyakazi haki yake na kumzidishia kwa tabu aliyoipata. Ni nyumba ngapi zetu hapa mjini ambazo mtumishi husubiri ujira wake mpaka mwezi wa pili, na ukutani mna picha ya babu mwenye karama?

Abu Yazid al-Bistami, ambaye wapenda karama humtaja sana, alionya kuwa hata ukimwona mtu ameruka angani, usihadaike naye mpaka uone amesimama wapi katika halali na haramu. Na imepokewa kwa Sheikh Abdulqadir al-Jilani, aliyefariki mwaka 561 Hijria, kwamba ilimjia nuru kubwa ikidai kuwa ndiyo Mola wake na kwamba amehalalishiwa yaliyoharamishwa. Aliifukuza papo hapo kama anavyofukuzwa shetani. Alipoulizwa aliijuaje, alisema ni kwa kule kudai kuhalalisha haramu. Huyo ndiye Sultani wa Mawalii kwa wanaomfuata, na sheria ndiyo mizani aliyopimia nuru iliyomjia yeye mwenyewe.

Sindano na chupa ya maji

Yaliyotangulia ni maneno ya vitabu. Sasa nitasema lililotufika.

Binti mmoja wa jamaa yetu, mwenye miaka 41, ana kisukari tangu utotoni, kile ambacho mwili hautengenezi insulini kabisa. Anaishi kwa sindano. Mwaka uliopita alipata namba ya mtu anayejiita mjukuu wa walii, anayeishi katika mji mmoja wa Ulaya, ambaye husoma kwa njia ya simu na kutuma chupa za maji. Alimwambia kuwa sindano zinaizuia baraka isiingie, aziache kwa siku 7, anywe maji asubuhi na usiku, na atoe nadhiri ya dirham 1,500. Siku ya tatu tulimkuta hatambui mtu, anapumua kwa kasi kama aliyekimbia. Alikaa siku 6 katika chumba cha wagonjwa mahututi. Mungu akamrudisha kwetu, alhamdulillahi, na leo anachoma sindano zake kwa wakati.

Mumewe alipompigia simu yule mtu kumweleza yaliyotokea, alijibiwa kwamba maji hayana kosa, bali imani ya mkewe ilikuwa pungufu.

Hapo ndipo uzito wa suala hili ulipo. Muuzaji wa karama hawezi kushindwa. Mgonjwa akipona, ni karama. Akizidiwa, ni upungufu wa imani yake. Akifa, ni ajali yake imefika. Biashara isiyo na hasara upande wa muuzaji, hasara yake yote humwangukia mnunuzi, na hiyo ndiyo dhulma waliyoikataza mafakihi wetu katika milango ya kuuza na kununua kabla hujafika mlango wa itikadi.

Simkatazi mtu kusomewa. Fatiha ni tiba, kombe tumelinywa tangu utotoni, na Bwana Mtume (S.A.W.) alisoma na kusomewa. Lakini ni yeye yule aliyewaambia watu watafute dawa, akajulisha kuwa Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa yake. Anayesoma huku akimwambia mgonjwa ameze dawa yake anafuata suna. Anayemnyang'anya mgonjwa dawa ili kisomo chake kionekane anajitafutia jina kwa roho ya mwenzake. Wala msidhani ni maradhi ya Waislamu peke yao. Mwaka 2011 mchungaji mmoja wa Kilutheri kule Loliondo, Tanzania, alitangaza kikombe cha shilingi 500 kinachotibu maradhi sugu. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi porini, na watu wa kila dini waliwatoa wagonjwa wao hospitalini kuwapeleka. Wapo waliofia njiani.

Kwa nini sisi

Nimejiuliza kwa nini ukoo wa watu waliosoma namna hii huamini mambo haya kwa wepesi, tena zaidi huku ughaibuni kuliko kule pwani. Jibu nililolipata ni la kihistoria.

Atakayepita Al Fahidi, dakika chache kutoka ninapokaa, na akaingia katika nyumba kongwe zile zenye minara ya upepo, anyanyue macho atazame dari. Boriti alizoziona ni mikoko iliyokatwa pwani yetu ya Afrika Mashariki, ikaletwa na majahazi kwa upepo wa kusi. Baina ya khori hii na bandari zetu palikuwa na njia ya kwenda na kurudi. Babu zetu waliotoka Hadhramaut na Oman waliifuata wakiwa na bidhaa na vitabu. Kule walijenga nyumba, wakachimba visima, wakapanda minazi na mikarafuu, wakafungua vyuo. Kisha ikaja Januari 1964 Zanzibar, na miaka ya misukosuko baada yake, wengi wetu tukarudi njia ile ile mikono mitupu.

Aliyehama hachukui kisima. Hachukui msikiti wala chuo wala wanafunzi. Hachukui mlango wa nakshi. Karama yachukulika, kwa sababu haina uzito na hakuna forodha inayoikagua. Basi ndiyo tuliyoichukua, na tulipofika katika mji ambako hakuna aliyetujua, ikawa ndiyo shahada yetu ya kwamba sisi pia tulikuwa watu. Naufahamu uchungu huo, ninao. Lakini kitu kilichobebwa kwa ajili ya kujifariji kimegeuzwa kuwa cheo, na cheo kimegeuzwa kuwa mtaji. Leo kijana mwenye dini na kazi anakataliwa posa kwa sababu babu yake alikuwa hamali, na anayemkataa anahesabu karama za babu wa babu yake ambaye hata kaburi lake halijui lilipo.

Nabii Nuhu (A.S.) alimlilia mwanawe, akaambiwa huyo si katika watu wake. Bwana Mtume (S.A.W.) alimwambia Bibi Fatma, kipande cha mwili wake, kuwa hatamfaa kitu mbele ya Mungu. Na Suratu Yunus imewaeleza mawalii kwa sifa mbili tu, imani na uchamungu, wala nasaba haikutajwa. Imamu al-Qushayri, katika Risala yake mashuhuri ya elimu ya tasawufi, ameandika kuwa wanavyuoni walikhitalifiana: je, walii mwenyewe aweza kujua kwamba yeye ni walii? Wapo waliosema hawezi, asije akaingiwa na kujiaminisha. Basi ikiwa mwenye cheo ametiliwa shaka kama anakijua, mjukuu wa mjukuu wake amekijuaje hata akichapishie kadi?

Pingamizi nilizozisikia

Nimeambiwa kwanza: wazee wetu waliyaandika haya katika vitabu vya manakib, je, walikuwa waongo? La. Waliyaandika kama yalivyosimuliwa, kwa adabu ya zama zao, na wasomaji wao walijua kitabu cha manakib si kitabu cha hukumu. Kusoma manakib ili moyo ulainike ni jambo moja. Kuyatoa kitabuni na kuyapeleka kwa mgonjwa badala ya dawa ni jambo la pili, na wazee hawakulifanya.

Nimeambiwa pili: maneno kama haya yatawapa silaha wavunja makaburi. Hofu hii naiheshimu. Tumeona makaburi ya Timbuktu yakivunjwa mwaka 2012, na yale ya Mukalla, nchi ya asili ya wengi wetu, mwaka 2015. Ulikuwa ufisadi, na waliovunja hawakuwa na elimu wala adabu. Lakini nawauliza: ni nani anayempa kijana nyundo? Kijana anayeona jina la babu yake linauzwa kwenye chupa haji kwetu kuomba ufafanuzi. Huenda kwa yule anayemwambia yote ni ushirikina, naye humwamini, kwa kuwa sehemu ya anayoambiwa ameiona kwa macho yake. Anayetaka kulihifadhi kaburi la babu yake na aanze kwa kulitoa sokoni.

Nimeambiwa tatu: unawavunjia masharifu heshima. Mwenye kuwapenda Ahlul-Bait hawezi kukubali jina lao litumike kwa utapeli. Na nyumba za ilimu za pwani yetu hazikuwa na woga wa kusahihishana. Sheikh Al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyetoa gazeti la Al-Islah Mombasa mwaka 1932 na kuzikemea ada potofu bila kumhofia mtu, alisoma kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir wa Unguja, watu wa Twarika ya Alawiyya. Mwanafunzi huyo alikuwa mkali, na walimu hao walikuwa watu wa nyiradi na ziara, na silsila ya elimu yao ni moja.

Walichokiacha

Wazee hao wawili walifariki mwaka mmoja, 1925. Sayyid Ahmad bin Sumeit alikuwa kadhi wa Zanzibar ambaye fatwa zake zilitafutwa pwani nzima. Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, alisafiri kutafuta elimu mpaka Hadhramaut, akasomesha Ukutani, akafika hata Cape Town katika kuwahudumia Waislamu wa huko. Na ukikifungua kitabu cha Sheikh Abdallah Saleh Farsy juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, kilichotoka Mombasa mwaka 1972, utaona anavyowapima watu: alisoma kwa nani, alisomesha kitabu gani, wanafunzi wake ni nani, alifariki lini. Hiyo ndiyo hati ya shehena.

Juu ya wote nitamtaja Habib Saleh bin Alwi Jamalil-Leil, aliyetoka Ngazija akaja Lamu, na ambaye Riyadha yake mpaka leo hujaa watu kila mfunguo sita kwa maulidi. Karama zake zinasimuliwa nyingi, nami sina ugomvi na mwenye kuzisadiki. Lakini ipo moja isiyohitaji msimulizi. Alifika katika mji ambao waungwana wake waliishika elimu kama mali ya ukoo, akakaa Langoni na watumwa na wana wa watumwa, akawafundisha Qurani na dini, akawapa nafasi msikitini bega kwa bega na watoto wa masharifu. Alilaumiwa kwa hilo, wala hakuacha. Alipofariki mwaka 1935, wale walionyimwa elimu walikuwa na walimu miongoni mwao. Wazee wa njia wamesema tangu zamani kwamba kuthibiti katika haki ni bora kuliko karama elfu, na kuthibiti kwake kulivunja ada ngumu kuliko mkondo wa Shela.

Sasa jiulizeni jinsi anavyotajwa Habib Saleh katika zile sauti za simu, na anayetajwa hapo kama ni huyu niliyemweleza.

Ninachokitaka

Nina matakwa manne, na nayaelekeza kwa wakubwa wa koo kwa majina yao wanayoyajua.

Kwanza, hadithi yoyote ya karama ya mzee wetu isiingizwe katika ukurasa huu wala katika kikundi chochote cha ukoo ila imetajwa msimulizi wake, na huyo alipokea kwa nani. Isiyo na hati iachwe. Ukweli wa wazee wetu watutosha.

Pili, mchango wa kuba usimamishwe. Mbali na hukumu ya kujengea makaburi ambayo vitabu vyetu vya Kishafi vimeieleza, sheria ya nchi hii ya mwaka 2021 inamkataza mtu binafsi kukusanya michango, nasi ni wageni tulioheshimiwa hapa. Atakaye kumfanyia babu thawabu na amtafute mtoto mmoja wa Lamu au Pemba amlipie masomo, kimya kimya, kwa mkono wake mwenyewe.

Tatu, mtu yeyote wa ukoo atakayemwambia mgonjwa aache dawa, awe sharifu, awe sheikh, awe mjomba wangu, asimame tumwambie hadharani kuwa hilo ni haramu. Tukimsitiri tutashirikiana naye katika damu.

Nne, na hili ni kwa vijana: msizichome daftari za wazee. Nimesikia mmoja amezitia za babu yake ndani ya mfuko wa taka akidhani anasafisha itikadi. Zileteni kwangu. Someni kwanza ndipo mhukumu, maana katika karatasi hizo, baina ya mambo mtakayoyakataa, mtamkuta nahodha aliyelipwa nauli yake na ziada.

Namwomba Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu kwa amali zao, asituadhibu kwa tuliyoyasema juu yao, na aturuzuku kuthibiti kabla ya karama. Wabillahi tawfiki.

Bur Dubai